Alama Isiyofungwa

Kila asubuhi, kabla hajawasha masini yake ya kuandikia kazini, Mbuyi alimimina chai katika vikombe viwili. Kimoja alikinywa. Cha pili alikiweka upande wa kushoto wa meza, karibu na dirisha, na hapo kilikaa mpaka kikapoa, mpaka kikafanya utando juu, mpaka Tata Numbi, mlinzi wa mlango, akaja saa kumi kukimwaga uani. Kikombe cha pili kilikuwa cha Kanku, pacha wake, ambaye saa hizo alikuwa chini ya ardhi na taa kwenye kofia.

Watu wa biro, ofisi ya kampuni ya shaba, walikuwa wamezoea. Mama yao, Mama Mianda, aliwafundisha hivyo tangu wakitambaa katika nyumba ya kampuni kule Kapata, mtaa wa wachimbaji: anachopewa mmoja, apewe na mwenzake. Mbuyi akinunuliwa kikwembe cha kujifunga siku ya Krismasi, Kanku apate kaptula siku ile ile. Kanku akichapwa kwa kuvunja sahani, Mbuyi naye aguswe kidogo kwa fimbo, hata kama sahani hakuiona. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Mbuyi, maana Kanku alivunja sahani nyingi.

Na kulikuwa na sharti jingine, ambalo mama yao alilisema mara moja tu, siku walipozika pacha mmoja wa jirani.

"Pasa hakufi," alisema, kwa maana pasa ndilo neno lao la pacha. "Mumoja akienda, hatumulilie. Tunasema: alienda kuchota maji. Basi. Ukimuambia mwenzake kama alikufa, atamufwata."

Baba yao alikuja kutoka Kasai na sanduku la mbao, akachimba shaba miaka kumi na saba, akafa. Aliacha nyumba yenye namba ukutani na kazi ambayo Kanku aliirithi. Mbuyi alijifunza kupiga taipu kwa masista, akaingia biro ya kampuni, mjini Kolwezi, upande wa Manika. Akazeeshea vidole huko. Hakuolewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema kama mtu anayehesabu mayai.

Mwaka wa themanini na tano lori lilileta masini mpya kutoka Lubumbashi. Haikuwa taipu. Ilikuwa na kioo cheusi kama kisima, na ukigonga herufi haikuruka kwenye karatasi, ilitokea ndani ya kile kioo, kijani, inameta. Fundi alikuja nayo, kijana mwenye miwani, akakaa siku tatu kumfundisha. Alimwonyesha kwamba maandishi katika masini ile yana hali zake, kama watu. Neno unaweza kulipa nguvu, likang'aa kuliko mengine. Unaweza kulipigia mstari chini. Unaweza kulififisha, likawa hafifu, kama limeandikwa nyuma ya pazia. Unaweka alama ya kufungua mbele ya neno, na alama ya kufunga nyuma yake, na kila kilichomo katikati kinashika hali ile.

"Lakini iyo ya hafifu haitoke ku karatasi," fundi alisema. "Ukichapa, majina yote yanatoka sawasawa. Ni wewe peke yako unayaona, mu kioo."

Mkubwa wa biro, Sitwayen Mwenze (miaka ile kila mtu alikuwa Sitwayen, yaani raia, hata mwizi mbele ya hakimu), alipenda sana jambo hilo. Siku hiyo hiyo, akiwa katika abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai, ya rangi ya majivu, alitoa amri juu ya orodha za wachimbaji, timu kwa timu. Aliye kazini, jina lake liwe na nguvu, na alama ya nguvu ifunguliwe mara moja tu, juu kabisa ya orodha. Aliye hospitali, apigiwe mstari chini. Aliyekufa, asifutwe kwanza, maana jamaa zake bado wanakaa katika nyumba ya kampuni na wanangoja makaratasi, huyo afifishwe. Akae mle hafifu mpaka nyumba itolewe.

Kwa hiyo katika kila orodha palikuwa na wazima na wafu, wanakaa mstari mmoja chini ya mwingine kama watu waliojipanga kupokea unga. Mbuyi pekee aliwaona hivyo. Kwenye karatasi wote walikuwa hai.

Siku ya kuondoka fundi aligeuka mlangoni. "Mama, kitu kimoja. Ukifungua, ufunge. Alama yenye haifungwe inatembea. Inashuka mu majina ya chini, inashuka tu, mpaka ikutane na alama ingine."

Miaka miwili Mbuyi alifungua na kufunga. Hakukosea hata mara moja.

*

Kosa lilikuja mwezi wa nne, mwaka wa themanini na saba. Mzee Kabamba, wa timu ya Kanku, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Mbuyi alifungua orodha ya timu ile, akaweka alama ya kufifisha mbele ya jina la Kabamba, na kidole chake kilikuwa njiani kwenda kufunga nyuma yake, dirisha likagongwa.

"He! Mbuyi! Toka kidogo, nakuletea kitu!"

Alikuwa Kanku, ambaye juma lile alifanya zamu ya usiku, uso umejaa vumbi, amebeba mandazi mawili katika gazeti. Mawili, bila shaka. Mbuyi akatoka. Wakala wamesimama chini ya ukingo wa bati, yeye akifuta mafuta kwa ncha ya kikwembe, Kanku akisimulia jinsi mkubwa wa zamu alivyoanguka ndani ya tope pamoja na filimbi yake. Kisha Kanku akaingiza kichwa dirishani.

"Njo ile masini yako? Ah! Nasoma jina yangu! Lakini juu ya nini niko vile? Niko kama moshi."

Mbuyi akatazama. Kabamba alikuwa hafifu, kama ilivyopasa. Na chini yake Kabwe, hafifu. Kalenga, hafifu. Kamona, hafifu. Kanku, hafifu. Ufifi ule ulikuwa umeshuka majina manne na kusimama juu ya Katompa, aliyekuwa hospitali na mguu uliovunjika. Alama ya mstari wake ndiyo iliyoukatiza.

Alikimbia ndani, akagonga alama ya kufunga nyuma ya Kabamba. Majina manne yakarudia mwanga wao kwa mkupuo.

"Nafufuka!" Kanku alipiga kelele dirishani. "Nafufuka, batu ya Kolwezi! Mafarisayo, kuyeni muone!" Tata Numbi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mbuyi hakucheka. Vidole vyake vilinuka mafuta ya mandazi, na kikombe cha Kanku, pale kushoto, kilikuwa na utando mzito kuliko siku zote.

*

Kabwe alikufa Jumatatu iliyofuata. Hakufia mgodini. Alilala nyumbani kwake baada ya kula ugali wa bukari na mboga ya sombe, mke wake akaja kumwamsha kwa ajili ya zamu, hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Mbuyi alimfifisha kama ilivyoamriwa. Akafunga nyuma ya jina, akafunga tena mara ya pili, na akapitisha kidole kwenye kioo kuhakikisha. Alipoinua kidole aliona jina la Kalenga, linalofuata, halina nguvu kama asubuhi. Halikuwa hafifu kabisa. Lilikuwa kama taa ambayo mafuta yake yanaelekea kwisha. Alifuta kioo. Akazima masini, akaiwasha. Kalenga alikuwa vile vile.

"Shefu," alisema, "njoo uangalie huyu Kalenga."

Sitwayen Mwenze aliinama, miwani puani. "Iko na nini?"

"Anafifia."

"Mi namuona muzuri. Sitwayene Mbuyi, ni macho yako. Enda ku dispansari bakuangalie. Ao ni kioo. Na kioo inazeekaka, kama sisi." Akaondoka akicheka kimya kimya.

Kila asubuhi Mbuyi alimimina vikombe viwili na kumtazama Kalenga. Kila asubuhi Kalenga alikuwa mbali zaidi kidogo. Siku ya kumi na moja hakusomeka tena. Mchana wake walileta habari: homa, siku mbili tu, amekwisha.

Kamona ndiye aliyefuata, na Mbuyi alipoliona jina lake linaanza kupoteza rangi alipata faraja, maana Kamona hakuwepo Kolwezi. Alikuwa likizo Dilolo, mpakani kabisa, kwa wakwe zake. Kifo kitamtafuta Kapata, alifikiri Mbuyi, hakitamkuta. Kisha alijionea aibu kwa kufikiri hivyo, kama mtu anayeamini.

Habari ya Kamona ilikuja kwa garimoshi. Mfanyakazi wa reli aliisema pale pale mlangoni pa biro, bila kukaa. Kamona alikuwa stesheni Dilolo, amekata tiketi ya kurudi. Alikaa juu ya gunia la samaki wakavu, akasema amechoka. Watu walidhani anasinzia. Garimoshi lilipopiga honi, hakusimama.

"Alikufa siku gani?" Mbuyi aliuliza.

"Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku ambayo jina la Kamona lilizimika kwenye kioo. Mbuyi alikaa. Aliangalia mstari wa chini yake. KANKU, jina ambalo alikuwa amelipa nguvu zote ambazo masini ile inaweza kutoa, lilikuwa limeanza. Lilikuwa limefifia kidogo tu. Mtu mwingine asingeona.

*

Jioni hiyo, jua halijashuka, alikwenda Kapata. Mama Mianda alikuwa anasonga bukari uani, Kanku amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga kamba ya kiatu.

"Usishuke kesho," Mbuyi alisema. "Wala juma lote."

"Na mi nitasema nini ku shefu? Dada yangu aliota?"

"Sikuota. Nimeona." Akawaeleza yote: Kabamba, mandazi, alama, majina matatu moja baada ya jingine.

Kanku alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga goti lake kwa kofi. "Bibi we! Mi naogopa jiwe ya kuanguka. Naogopa deni ya duka. Sasa unataka niogope televizyo? Mama, musikie mutoto yako. Masista walimuharibisha kichwa."

"Kalenga hakuwa chini ya jiwe. Kamona alikuwa Dilolo."

"Basi, na mi nikikaa nyumbani itanikuta nyumbani. Sasa juu ya nini nikose kazi bure?"

Hilo lilikuwa kweli, na Mbuyi alilijua. Mama Mianda alipakua bukari katika sahani mbili, akazipima kwa macho, akatoa tonge katika moja kuongeza katika nyingine mpaka zikalingana kabisa.

*

Asubuhi Mbuyi alijaribu kila alichofundishwa. Alilifungia jina la Kanku ndani ya alama za nguvu, mbili mbele na mbili nyuma. Halikubadilika. Alilifuta, akaliandika upya, herufi kwa herufi. Kila herufi ilizaliwa inang'aa na kufifia kabla inayofuata haijafika. Ndipo akafanya kitu ambacho fundi hakumfundisha. Alilitoa jina la Kanku katika mstari wake, akalipeleka chini kabisa ya orodha, nyuma ya Tshilombo.

Kanku akawaka. Kule chini, KANKU lilimeta hata likamuumiza macho. Mbuyi alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kisha akatazama pale lilipokuwa. Katompa, wa mguu uliovunjika, alikuwa amepanda mstari mmoja kuziba pengo. Mstari chini ya jina lake ulikuwa imara. Lakini herufi zilizosimama juu ya mstari ule zilikuwa zinazama, polepole, kama mtu anayeingia mtoni bila kupiga kelele.

Basi halikuwa jina. Lilikuwa nafasi. Kile kilichoshuka siku ile ya mandazi kilihesabu mistari minne, na mstari wa nne ulikuwa bado unadai mtu. Hakikujali ni nani.

Aliacha vile. Hakuna angejua, karatasi zote zingetoka sawasawa. Alifanya kazi nyingine, barua za likizo, huku akijiambia kwamba Katompa hamjui sana. Saa tano dirisha likagongwa. Alikuwa mke wa Katompa, mama wa watoto saba, anayeuza mafuta ya mawese sokoni Manika, chupa kichwani.

"Jambo, mama. Nakuya kwa ile karatasi ya hospitali. Daktari anasema juma iyi atatembea! Bwana yangu aliniambia asema atatembea mpaka ku soko kunibebea chupa." Alicheka, mkono mdomoni. "Muongo. Tangu tuoane hajabeba hata kijiko."

Mbuyi alimpa karatasi. Mwanamke alipotokomea, alirudi kwenye kioo. Katompa alikuwa hasomeki vizuri tena, wakati Kanku alichukua siku moja nzima kupoteza kile kidogo. Kile kitu kilikuwa na haraka sasa. Alilirudisha jina la Kanku mahali pake, na Katompa akashuka akawaka. Kanku akafifia pale pale, zaidi ya asubuhi, zaidi ya jana. Akalitazama mpaka honi ya saa kumi.

Tata Numbi alipokuja kumwaga chai alisema, "Mama Mbuyi, ulikuwa unalia?"

"Hapana, tata. Ni kioo."

*

Siku iliyofuata alifika mapema kuliko wote. Alimimina kikombe kimoja tu. Alikiweka kushoto, karibu na dirisha, akakifunika kwa kisahani kisipoe.

Aliwasha masini, akafungua orodha. KANKU lilikuwa limebaki kama alama ya unyevu kwenye glasi. Zamu ya asubuhi ilikuwa imeshuka dakika kumi zilizopita. Alikuwa amemsikia Kanku akipita barabarani na wenzake, akiimba vibaya, kama kawaida.

Mbuyi aliweka kidole kati ya Kamona na Kanku na kufungua mstari mpya. Mwanamke hajawahi kuwa katika orodha ya timu ile. Aliweka alama ya kufifisha kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: MBUYI. Herufi tano. Kisha akaweka alama ya kufunga. Hakuigonga mara mbili. Mara moja ilitosha. Iliyofunguliwa kwa mkono wake ilifungwa kwa jina lake.

Alisubiri. Jina lake lilianza kwisha kutoka nyuma, herufi ya mwisho kwanza, bila maumivu yoyote. Na chini yake Kanku alipanda. Alipanda kama mtu anayetoka majini na kuvuta pumzi, akang'aa, akazidi kung'aa, mpaka kijani chake kikaangukia vidole vya Mbuyi na kisahani na kikombe. Chini yake Katompa alikuwa imara na mstari wake. Baada ya Katompa, wote walikuwa na nguvu.

Akahifadhi orodha. Akafunika masini kwa kitambaa chake, akavaa kandambili, akakaza kikwembe kiunoni.

Tata Numbi alikuwa mlangoni, anapiga kiatu rangi. "Sasa unatoka? Biro haiyafunguka hata. Na leo naona kikombe kimoja! Muligombana na Kanku?"

"Hapana, tata. Ile ni yake. Usiimwage. Atakuja mwenyewe kuinywa."

"Na yako?"

"Mi sina kiu."

"Shefu akiniuliza nitasema nini?"

"Shefu mwambie unavyotaka. Lakini Kanku akikuja kuniuliza," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kama anayesomea mtu barua, "umuambie neno moja, usibadilishe. Umuambie: Mbuyi alienda kuchota maji."

Tata Numbi alitazama mikono yake, mitupu. Akaelekeza brashi ya kiatu kwenye bomba la uani, hatua sita kutoka pale walipo, linalodondosha tone, tone, ndani ya beseni lililojaa.

"Maji? Mama, maji njo ile!"

"Naiona," alisema Mbuyi.

Alipita kando ya bomba bila kugeuza kichwa. Akatoka getini, akashika barabara ya vumbi jekundu, upande ambao hauendi Kapata wala sokoni. Tata Numbi alisimama na kiatu kimoja mkononi, akimwangalia. Baadaye aliapa mbele ya Sitwayen Mwenze kwamba barabara ile imenyooka, haina kona wala mti, na jua lilikuwa limetoka kamili. Alimwona vizuri kabisa, alisema, kisha akamwona kidogo, kisha akawa haoni tena ila kikwembe, hafifu, kama kitu kilicho nyuma ya pazia.

Hakurudi.